Santuri Iliyonunuliwa na Watu 4,124

Mwezi Aprili 2014 lilitokea tangazo kwenye Discogs, soko la mtandaoni la santuri, ambalo mashabiki wa Aphex Twin, mwanamuziki wa kielektroniki, walilisoma na kulirudia wakidhani macho yanawadanganya. Mtu alikuwa anauza albamu ya Caustic Window, moja ya majina anayoyatumia mwanamuziki huyo. Si zile santuri fupi zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa jina hilo, bali albamu yenyewe, ile ya mwaka 1994 iliyopewa namba CAT 023 katika orodha ya lebo ya Rephlex kisha isitoke. Bei aliyoitaja ni dola 13,500.

Kwa asiyewajua watu hawa, hiyo ni bei ya wazimu kwa santuri isiyo hata na picha kwenye jalada. Kwa waliomo, bei haikuwa jambo la kwanza. Walichojiuliza ni itaangukia mikononi mwa nani, na je, huyo atakayeipata atakubali wengine waisikie au ataifungia kabatini? Mwezi Juni mwaka huohuo, zaidi ya watu elfu nne walikuwa na albamu hiyo kwenye kompyuta zao, kihalali, kwa dola 16 kila mmoja.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi tamu ya mashabiki walioungana wakashinda. Sina ugomvi na utamu wake. Ila kila nikikirudia naona kinachosahaulika ni kwamba walichokilipia watu wale si santuri. Walilipia ruhusa, na ugumu wote wa jambo lile, pamoja na busara yake, uko hapo.

Mapenzi ya mtu anayejificha

Richard David James alizaliwa mwaka 1971 Limerick, Ireland, akakulia Cornwall, kule kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Mwaka 1991 yeye na rafiki yake Grant Wilson-Claridge walianzisha Rephlex. Tangu hapo ametoa muziki kwa majina mengi: Aphex Twin, AFX, Polygon Window, Caustic Window na mengineyo. Jina hili leo, kesho lile, mara nyingine bila kumwambia mtu.

Ukimpenda mwanamuziki wa namna hiyo, mapenzi yenyewe yanakufundisha upelelezi. Unaanza kwa kusikiliza, baada ya mwaka unajikuta unalinganisha mlio wa ngoma ya wimbo huu na wa ule, unajua ni mashine gani imetumika, unabishana usiku wa manane na mtu usiyemjua sura kuhusu mwaka ambao kipande fulani kilirekodiwa. Mwaka 2007 Rephlex ilitoa muziki wa kundi lililoitwa The Tuss, na ikaelezwa kwamba nyuma yake wako watu wawili, Brian na Karen Tregaskin. Mashabiki kindakindaki wakasikiliza na kusema: huyu ni Richard. Lebo ikakana. Wao wakaonyesha mlio wa Yamaha GX-1, sintesaiza (kinanda cha kielektroniki) kubwa ya miaka ya sabini iliyotengenezwa kwa idadi ndogo sana, ambayo James alijulikana kuwa nayo. Leo hakuna anayebisha tena.

Nimelitaja hilo kwa sababu bila kulijua mtu hawezi kuelewa kilichotokea 2014. Jukwaa la mtandaoni la We Are The Music Makers, ambalo wenyewe hulifupisha WATMM, halikuwa umati uliokusanyika jana kwa sababu ya tangazo moja. Lilikuwa limeshakaa miaka mingi likichambua, likihifadhi, likitukanana na kupatana. Watu wanaolala na kuamka na jambo moja kwa miaka hupata kitu ambacho fedha hainunui haraka: wanajuana, wanajua nani mzushi na nani neno lake ni neno.

Na walikuwa na njaa. Albamu ya mwisho kwa jina la Aphex Twin ilikuwa Drukqs, ya mwaka 2001. Katikati palikuwa na mfululizo wa santuri za Analord mwaka 2005 kwa jina la AFX, na hiyo The Tuss. Vinginevyo kimya. James mwenyewe alikuwa na sifa ya kurekodi bila kukoma na kuutoa muziki kwa mkono wa birika. Kwa hiyo albamu nzima, iliyokamilika, iliyofika kiwandani na kurudi bila kutoka, ilikuwa kwao kama chakula kilichofunikwa mezani kwa miaka ishirini huku kila mtu akikizunguka.

Kitu chenyewe

Santuri haitoki kiwandani kwa mkupuo mmoja. Kwanza sauti huchongwa kwenye sahani laini, sahani hiyo hupakwa chuma, na kutoka kwenye chuma hicho hupatikana mabamba yanayokandamiza plastiki ya moto. Kabla ya kuchapa mamia au maelfu, kiwanda hutoa nakala chache za majaribio. Lebo na mwanamuziki huzisikiliza: je, besi imekaa sawa, kuna mkwaruzo, sindano inaruka? Wakiridhika wanasema endeleeni. Nakala hizo huwa na karatasi nyeupe katikati, hazina jalada, na kwa kawaida huishia kwa watu wa ndani.

CAT 023 ilifika hapo, ikasimama. Nakala zilizobaki zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na waliokuwa nazo walikuwa watu wa karibu na lebo. Kwa hiyo thamani ya ile iliyotangazwa ilitokana na mambo mawili yaliyoshikana: ni chache kama kitu, na sauti iliyomo haipatikani kwingine. Mnunuzi wa kawaida wa vitu adimu hulipia yote mawili bila kuyatenganisha. Mashabiki wa WATMM waliyatenganisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote katika kisa hiki, na sijui kama waliifikia kwa kupanga au kwa ufukara tu.

Kuna kinaya kidogo hapa. Discogs ilianzishwa mwaka 2000 na Kevin Lewandowski kama orodha ya santuri za muziki wa kielektroniki. Ilijengwa na wapenzi wenyewe: mtu anachukua santuri yake, anaandika namba, anaandika mwaka, anapiga picha, bila kulipwa. Baadaye orodha ikawa soko. Na ukishakuwa na orodha inayomwonyesha kila mtu kwamba kitu hiki kipo kwa nakala tano tu duniani, tayari umempa muuzaji fimbo ya kukuchapia. Kazi ya mapenzi ya mashabiki ndiyo iliyoipandisha bei ile mpaka dola 13,500.

Njia tatu, na waliyoichagua

Tangazo lilipotokea palikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni kukaa pembeni na kungoja tajiri mmoja ainunue. Hakuna dhambi hapo, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Lakini anayelipa dola elfu kumi na kitu kwa sababu sauti haipatikani kwingine hana haja ya kuigawa. Akiigawa anaona kama anachoma fedha zake.

Ya pili ni watu wachache kuchangishana, kuinunua, kuirekodi na kuivujisha. Wangekuwa mashujaa kwa wiki moja. Aliyewahi kukaa na mashabiki wa muziki adimu anajua njia hii haingemshangaza mtu, kwa kuwa mitandao ya kubadilishana faili ilikwisha jaa rekodi za kuvujishwa, na pia rekodi bandia, yaani muziki wa mtu mwingine uliobandikwa jina la Aphex Twin ili usikilizwe.

Ya tatu ni kwenda kubisha hodi. Waliichagua hiyo. Wasimamizi wa jukwaa walizungumza na mwenye santuri, wakazungumza na Rephlex, na kwa kupitia lebo wakafika kwa James mwenyewe. Mwenye santuri akakubali kupunguza hadi dola 8,500. Lebo ikakubali kwamba kila mchangiaji apate nakala moja ya kidijitali. Kisha, baada ya sauti kuhamishwa kwenye faili, santuri yenyewe ingepigwa mnada. Mchango ukawekwa Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha kwa ajili ya miradi.

Sasa tusimame hapa, maana ndipo watu wengi wanapopita mbio. Kwa nini wamwombe mtu ruhusa wakati kitu wanakinunua kwa fedha zao?

Kwa sababu kumiliki santuri si kumiliki muziki uliomo. Ukinunua santuri unaweza kuisikiliza, kuiuza, kuitundika ukutani, hata kuivunja. Huwezi kuinakili na kuwagawia watu elfu nne. Haki ya kunakili inabaki kwa mwenye rekodi. Hii ni sheria ya msingi ya hakimiliki na haibadiliki kwa sababu wewe ni shabiki wa kweli, wala kwa sababu kitu kimekaa miaka ishirini bila kutolewa. Tena kwa albamu isiyotolewa hoja ni nzito zaidi, kwa kuwa msanii aliamua, kwa sababu zake, kwamba isitoke. Kwa hiyo dola 8,500 zilinunua plastiki. Neno la ndiyo kutoka kwa Rephlex na James ndilo lililoifanya plastiki hiyo kuwa albamu ya watu 4,124.

Ndiyo maana siipendi sana ile simulizi ya mashabiki kumshinda tajiri. James angesema hapana, mambo yangeishia pale. Na hapo ndipo ungewajua mashabiki hasa. Kumpenda msanii anapokupa ni kazi rahisi.

Mfano wa zamani unaosaidia

Miaka 31 kabla ya hapo, mwanamuziki mwingine wa kielektroniki alicheza mchezo huu kinyumenyume. Mwaka 1983 Jean-Michel Jarre wa Ufaransa alitengeneza albamu, akachapa nakala moja tu, akaharibu kanda na mabamba, na kuipiga mnada. Iliuzwa faranga 69,000. Iliruhusiwa kupigwa mara moja kwenye redio, Radio Luxembourg, kwenye masafa ya AM, na Jarre akawahimiza wasikilizaji wairekodi kwa wizi.

Matokeo yake ni kwamba muziki ule umebaki hai kupitia kanda zenye mivumo na mikwaruzo ya redio. Mashabiki wa Jarre waliambiwa waibe, wakaiba, na walichopata ni kivuli cha sauti. Mashabiki wa Aphex Twin waliomba, wakapewa, na walichopata ni sauti iliyohamishwa kwa uangalifu kutoka kwenye santuri iliyochezwa kidogo. Silinganishi maadili hapa. Jarre alikuwa anafanya tamthilia dhidi ya biashara ya muziki, na tamthilia yake ilifanikiwa. Nalinganisha walichobaki nacho wasikilizaji. Santuri haivumilii kuchezwachezwa: kila sindano inapopita inakula kidogo, vumbi linaingia, na nakala ya majaribio iliyopita mikono mingi ingekuwa na makovu. Kazi hiyo ifanywe mara moja, kwa mashine nzuri, na mtu anayejua. Mwizi wa haraka huwa hana subira hiyo.

Hesabu

Kickstarter huendeshwa kwa kanuni ya yote au hakuna: lengo lisipofikiwa, hakuna anayekatwa hata senti. Kwa kundi la watu wasiojuana sura, kanuni hiyo ni dawa ya hofu. Huhitaji kumwamini mweka hazina kwamba atarudisha fedha mambo yakiharibika, kwa kuwa fedha hazijaondoka kwako.

Lengo lilipitwa upesi. Mpaka mchango unafungwa zilikuwa zimeahidiwa dola 67,424 kutoka kwa watu 4,124. Gawanya uone: wastani ni dola 16 na senti kama 35 kwa kichwa. Ina maana karibu kila mtu alilipa bei iliyotajwa na si zaidi. Hakukuwa na mfadhili mkubwa aliyejificha katikati. Ni bei ya albamu ya kawaida, iliyolipwa na watu wa kawaida, mara elfu nne.

Napenda sana ukubwa wa namba hiyo ya 16. Ingekuwa dola 5, lingeonekana jambo la huruma, kana kwamba msanii anakusanyiwa sadaka. Ingekuwa dola 100, ingekuwa klabu ya wenye nacho. Dola 16 inasema: tunainunua hii kama tungeinunua dukani mwaka 1994.

Lakini angalia pengo. Santuri ilihitaji dola 8,500, na kilichokuja kilizidi mara saba na ushee. Ukiondoa asilimia 5 ya Kickstarter na ada za malipo bado zinabaki fedha nyingi. Kundi lolote la mashabiki linalotaka kuiga kisa hiki lianze na swali hilo: ziada ni ya nani? Lijibiwe kabla mtu wa kwanza hajachangia, liandikwe mahali ambapo kila mmoja analiona. Nimeshaona makundi ya mapenzi makubwa yakivunjika kwa ziada ndogo kuliko hiyo, na hayavunjiki kwa sababu mtu kaiba. Yanavunjika kwa sababu kila mmoja aliichukulia ziada kwa namna yake na hakuna aliyekuwa amekosea. Kilichowasaidia hawa ni kwamba kila dola 16 ilikuwa malipo ya nakala, haikuwa mchango wa hisani. Aliyelipa alipata kitu chake, hivyo deni kati yake na kundi lilikwisha siku faili zilipofika.

Mnada

Juni 2014 faili ziligawiwa, na santuri ikaenda eBay, soko la mnada la mtandaoni. Hapo ndipo jambo lilipokuwa la kushangaza, angalau kwangu.

Kwa mantiki ya kawaida bei ilipaswa kushuka. Siri ilishatoka. Watu elfu nne wanayo, na muziki wenyewe ulisikika YouTube mara tu nakala zilipotumwa. Nani tena atalipa elfu kadhaa kwa kitu ambacho anaweza kukisikia bure kwa kubonyeza? Jibu likawa Markus Persson, mtu aliyeunda mchezo wa kompyuta wa Minecraft, anayejulikana mtandaoni kama Notch. Alilipa dola 46,300. Miezi michache baadaye kampuni yake, Mojang, ilitangazwa kuuzwa kwa Microsoft kwa dola bilioni 2.5, kwa hiyo hatuna haja ya kumwonea huruma.

Linganisha namba tatu: dola 13,500 za tangazo la kwanza, dola 8,500 za makubaliano, dola 46,300 za mnada. Kusambaa kwa sauti hakukuua thamani ya kitu. Kuliizidisha. Nakala iliyofichwa ilikuwa na thamani kwa watu waliojua habari zake, na hao walikuwa wachache. Nakala iliyoandikwa kila mahali, iliyowakutanisha watu elfu nne, ilikwisha kuwa na historia yake mwenyewe, na mkusanyaji hulipia historia. Wakusanyaji wanaofungia kabatini wakidhani usiri ndio mtaji wao wangepaswa kuiangalia hesabu hii kwa utulivu.

Fedha za mnada zilipangiwa njia tatu: kwa James, kwa wachangiaji, na kwa hisani, yaani Madaktari Wasio na Mipaka. Tukizigawa mafungu sawa, kila fungu ni dola 15,433 hivi, na fungu la wachangiaji likigawanywa kwa 4,124 linatoa dola 3 na senti 74 kwa mtu, kabla ya ada. Kwa maneno mengine, kwa hesabu hiyo, albamu ingemgharimu shabiki kama dola 12 na kidogo. Ni hesabu ya kuchekesha, na nakiri niliifanya kwa raha.

Usiidharau hata hivyo. Katika mapatano haya James hakuachwa nje. Katika biashara ya santuri adimu, msanii kwa kawaida hapati kitu: kitu kinauzwa kutoka mkusanyaji hadi mkusanyaji, bei inapanda, na aliyekitengeneza anasoma habari kama wengine. Hapa mashabiki walimrudisha kwenye meza ambayo soko lilikuwa limemwondoa.

Mahali panapouma

Nisije nikaonekana napiga ngoma upande mmoja. Kuna mambo matatu yanayonisumbua katika kisa hiki.

Mlango ulifungwa. Aliyekuwa mgonjwa, aliyekuwa safarini, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili mwaka 2014, hakuwa na namna ya kuingia baadaye. Ruhusa ilikuwa kwa wachangiaji, basi. Wengine wote tunaisikia albamu hiyo kwa mlango wa nyuma, jambo ambalo mpango wenyewe ulijitahidi kuliepuka. Hili si kosa la wapangaji, kwa kuwa pengine bila mpaka huo lebo isingekubali. Lakini limezaa tabaka: waliokuwepo na wasiokuwepo. Na mashabiki, Mungu atusamehe, tunapenda sana matabaka. Nimeona mtu akitaja kwamba alichangia Caustic Window kwa sauti ileile ya mtu anayetaja alikosoma.

Kuna pia suala la shinikizo. Watu elfu nne wenye kadi za benki mkononi wakikuomba jambo kwa upole, upole huo una uzito. Ninaamini ruhusa ilitolewa kwa hiari, na yaliyofuata yananipa sababu ya kuamini hivyo. Lakini msanii mwingine, asiye na lebo yake mwenyewe wala rafiki wa kumsemea, anaweza kujikuta anasema ndiyo kwa sababu kusema hapana kungemgeuza adui wa watu wanaodai kumpenda. Waliobisha hodi WATMM walizungumza na lebo kwanza, kimyakimya, kabla ya kuwasha moto wa mchango hadharani. Utaratibu huo ni wa maana kuliko unavyoonekana. Wangeanza na kampeni kisha ndio wamwombe, ingekuwa ni kumwekea mtu mtego mbele za watu.

La mwisho ni muziki wenyewe, ambao katika kelele zote hizi ulikuwa karibu usahaulike. Je, albamu ni nzuri? Ni nzuri, kwa sehemu kubwa. Ni Richard wa mwaka 1994 katika hali ya kuchezacheza: ngoma kavu, milio ya sintesaiza inayojikunja, ile iitwayo asidi, utani mwingi, na mara moja moja kipande laini kinachokufanya unyamaze. Si kilele cha kazi zake. Aliyeingoja miaka ishirini akitarajia ufunuo alikuta kijana wa miaka ishirini na ushee anafurahia mashine zake. Na mwishoni mwa santuri kuna rekodi za mizaha ya simu. Maelfu ya watu walichangishana, wakapatana na lebo, wakafuata sheria, wakangoja faili, na zawadi ya mwisho ilikuwa kusikiliza watu wakisumbuliwa kwenye simu. Sijui mashabiki wa nani wengine wangestahili kumalizia namna hiyo. Hawa walicheka.

Yaliyofuata

Tarehe 16 Agosti 2014 puto kubwa la kijani lenye nembo ya Aphex Twin lilionekana angani London. Siku mbili baadaye akaunti yake ikatoa kiungo cha tovuti iliyofichwa kwenye Tor, mtandao wa kuvinjari bila kujulikana, na humo mkawa na jina la albamu mpya, Syro, na orodha ya nyimbo. Ilitoka Septemba, na Februari 2015 ikapata Grammy ya albamu bora ya muziki wa dansi na kielektroniki.

Mashabiki wengi huamini kwamba mchango wa Caustic Window ndio uliomwamsha. Ninaelewa kwa nini wanataka iwe hivyo. Lakini albamu ya aina ile haitengenezwi kati ya Juni na Agosti, na puto haliagizwi kwa wiki moja. Jambo kutangulia jingine si kulisababisha. Ninachoweza kukubali ni kidogo zaidi ya hapo: mtu aliyekuwa karibu kurudi alionyeshwa, kwa namba, kwamba kuna watu wanaomngoja na kwamba wana adabu. Jalada la Syro, kwa njia, ni orodha ya gharama za kuitengeneza na kuitangaza albamu hiyo, zimeandikwa moja baada ya nyingine kama stakabadhi. Kwa watu waliokuwa wametoka kupiga hesabu za dola 16 na dola 46,300, lilikuwa jalada la kuwafaa.

Kisha Januari 2015 kukatokea akaunti kwenye SoundCloud, tovuti ya kupakia na kusikiliza muziki, jina lake user48736353001. Ikaanza kumwaga nyimbo: za zamani, zisizotolewa, nyingine na mivumo ya kanda. Zikapita 100. Bure. Mashabiki wakarudia kazi yao ya siku zote: ni yeye, si yeye, sikiliza ngoma hii, linganisha na ile, huyu ni mwigaji, hapana, mwigaji gani anajua hivi. Baadhi yao ni walewale waliolipa dola 16 kwa albamu moja miezi saba kabla, na sasa walikuwa wanalalamika kwamba hawana muda wa kusikiliza zote. Baadaye akaunti ikabadilishwa jina, ikawa user18081971. Mabishano yakakatika, kwa kuwa hakuna mtu kwenye jukwaa lile aliyehitaji kuambiwa nani alizaliwa tarehe 18 Agosti 1971.